Sidii ya Wafaransa na Mguu wa Thuraya

Nyie wasichana mnaotia muziki kwenye harusi kwa kugusa simu, kaeni kitako. Nnawaandikia nyie, si mama zenu. Mama zenu walikuwepo, waliyaona, na wengine walinisema kweli kweli. Nyie ndio mnaokuja nyumbani kwangu mkaniuliza, bibi, ulianzaje, na kabla sijajibu macho yenu yako kwenye simu. Safari hii nimeandika. Simu iwekeni juu ya kabati, mnisome mpaka mwisho.

Kazi yangu ilikuwa kutia muziki ukumbi wa wanawake. Mnajua harusi zetu hapa Maskati, wanaume mbali na wanawake mbali, na ndani ya ukumbi wetu mabuibui yanavuliwa, nywele nje, mabega nje. Fundi mwanamume hawezi kukaa mle. Basi zamani fundi alikuwa anakaa nje, nyuma ya pazia, anatia kaseti bila ya kuona kitu. Bi harusi keshafika, keshakaa, anakunywa maji, fundi bado anampigia zafa, muziki wa kuingilia. Au bi harusi yuko katikati ya ukumbi, zafa inakatika, inaingia nyimbo ya kuchezea, naye anasimama pale na shada lake la maua hajui aende au acheze. Nimeliona hilo kwa macho yangu kwenye harusi ya mtoto wa dada yangu. Nikasema, basi, hizo waya nitazichomeka mwenyewe.

Aliyenifundisha ni fundi huyo huyo wa nyuma ya pazia. Alikuwa Muhindi, na Kiarabu chake kibovu, na changu cha jikoni, lakini tulielewana. Yeye upande wake, mimi upande wangu. "Mama, waya nyekundu tundu nyekundu." "Nishatia." "Nyeupe tundu nyeupe." "Nishatia." "Sasa polepole sauti, mama, polepole, hapana fungua kama bomba la maji." Nilifanya naye kazi miaka, na wallahi mpaka leo siijui sura yake. Nikikutana naye sokoni nitampita. Lakini akisema "mama, polepole" tu, nitageuka.

Nitawapa mambo yake manne, maana hayamo ndani ya simu zenu. Ukijaribu sauti ukumbi ukiwa mtupu, usiridhike nayo. Ukumbi mtupu unapiga kelele. Wakishajaa wanawake na nguo zao zile, nguo zinanyonya sauti, na wewe utajiona umefiwa. Spika usiielekeze kwa wazee. Wazee ndio wenye ndimi, wakiumwa na kichwa hutaitwa tena. Waya zibandike chini kwa utepe wa gundi kila hatua, kwa sababu wanawake wana viatu vya mchuchumio na hawaangalii chini. Na ukisikia adhana, zima. Usingoje mtu akukonyeze.

Nna jambo la tano, la udi, lakini hilo litakuja na hadithi yake.

Sasa Wafaransa. Mwanangu Rahma alikuwa anafanya kazi wizarani Khuwair, na sisi tushahamia Amerat, nyuma ya milima. Njia ile kwa gari asubuhi inakutoa roho. Siku moja nikapanda naye, nataka kununua waya mpya. Akatia sidii, kile kisahani cha muziki. Nikangoja. Tukapanda mlima, tukashuka mlima, bado nnangoja.

"Rahma, hii nyimbo inaanza lini?"

"Ishaanza, mama. Tuko ya tatu sasa."

"Mbona hamna kitu?"

"Ndiyo raha yake. Magari yote haya yananibana, na mimi sisikii hasira."

Nikasikiliza tena. Kweli, kitu kilikuwepo, lakini kilikuwa hakikufuati. Besi linajikokota taratibu kama mtu ametoka kulala mchana. Kinanda kinadondoka dondoka juu yake. Mara sauti ya mtu, lakini imepitishwa kwenye mashine mpaka hujui ni mtu au ni nyuki. Nikamuuliza ni akina nani hawa. Akaniambia ni Wafaransa wawili, marafiki, wana vinanda vya umeme vya kizamani ambavyo wenzao walishavitupa, na sidii hii watu wa Ulaya wanaitia majumbani wanapotaka kutulia.

"Na huyo mwanamke anayeimba sasa hivi, ni mke wa yupi?"

"Si mke wa mtu, mama. Walimwalika. Kuna nyimbo mbili zilimtaka yeye, wakamwita. Na baadaye mwanamke mmoja anayetengeneza filamu akawaomba muziki wa filamu yake, wakakaa naye wakafanya. Ndivyo walivyo. Wanakaribisha watu."

Njia nzima mpaka Khuwair nikawa nnalifikiria hilo. Wanaume wawili wana mashine chumba kizima, na bado wanafungua mlango wanamwita mtu. Mimi nilikuwa na mashine moja na spika mbili, na nilikuwa nimeufunga mlango wangu.

Nilimfungia Bi Zayana. Nyie mnamjua mzee, amekaa kwenye kiti chake, hasemi. Wakati ule alikuwa anasema. Bi Zayana alikuwa mpigaji dumbak, ngoma ile ndogo ya kupakata, na kabla ya spika kuingia hapakuwa na harusi ya Waswahili Maskati bila ya yeye. Nilipoanza kazi, watu wakawa wananiita mimi, yeye hawamwiti. Sikumfukuza, lakini sikumwita pia. Akawa haniiti Moza tena. Ananiita Plagi. Tukikutana msibani atasema mbele za watu, "Mpisheni Bi Plagi, mtamkata umeme."

Katika siku hizo ndipo akaja Thuraya nyumbani kwangu. Alikuja mwenyewe, si mama yake wala shangazi yake, na hilo peke yake lilinishangaza, kwa sababu bi harusi haendi kutafuta mtu wa muziki. Alikuwa na mguu mmoja mfupi tangu utotoni. Kiatu cha upande ule kilikuwa na soli nene, na akitembea alikuwa anachechemea, bega moja linakwenda chini halafu linarudi. Binti mzuri, msomi, mcheshi. Nikampa kahawa na tende.

"Khaloo," akaniambia, kama mtu anavyomwita mama yake mdogo, "shangazi yangu kapanga kila kitu. Watanikalisha kwenye kosha kabla wageni hawajaingia. Halafu pazia litafunguliwa, wanione nimeshakaa."

Kosha ni lile jukwaa la bi harusi, kule mwisho wa ukumbi.

"Si vibaya," nikasema.

"Mimi si mtungi, nikawekwa." Aliisema kwa kucheka, lakini kikombe akakiweka chini. "Nataka niingie kwa mlango kama kila mtu. Na nitembee peke yangu. Shangazi kasema nikitaka sana basi watanishika huku na huku, wawili. Sitaki kushikwa. Tangu nna miaka minne watu wananishika. Nikifika kwenye ngazi, mkono. Nikishuka garini, mkono. Siku moja tu nataka nifike mahala bila ya mkono wa mtu. Nikishindwa, nitakubali kuwekwa. Shangazi nishamwahidi hivyo."

Basi nikajua uzito wake. Asipoweza kwenye mazoezi, atakaa nyuma ya pazia, na sidhani kama angeomba kitu tena maishani mwake.

Tukaenda asubuhi kwenye ukumbi, ule wa upande wa Wattaya, nyuma ya maduka ya magari. Nikamtilia zafa moja baada ya nyengine. Zote mbaya. Zafa zetu zina mpigo wa kijeshi, dum, dum, dum, kila mmoja sawa na mwenzake, na mguu wake unatua kati ya mpigo na mpigo. Kama mpigo usingekuwepo, usingemtazama mguu. Ukiwepo, hutazami kitu chengine. Ngoma ilikuwa inamsema. Nikazima, nikamwambia tembea bila ya kitu. Ikawa mbaya zaidi, unasikia soli tu.

Hapo nikakumbuka ile sidii, ilikuwa kwenye mkoba wangu, nimemnyang'anya Rahma. Nikaitia ile ya polepole kuliko zote. Thuraya akatembea. Wallahi, mabega yangu yakashuka. Besi lile halimwamuru mtu. Anakwenda chini, anarudi juu, kinanda kinadondoka pale kinapotaka, huwezi kusema nani amemkosa mwenzake. Likabaki jambo moja tu. Muziki ulikuwa laini mno, na ile soli nene bado unaisikia. Kop. Halafu kimya. Kop.

"Inasikika, khaloo?"

"Inasikika."

Sikumdanganya. Nilimwambia arudi kesho, na jioni ile nikaenda kwa Bi Zayana.

Alikuwa anachambua mchicha. Hakunyanyua uso. "Plagi imekatika?"

"Nnakutaka kazini, shoga."

"Mimi? Una spika kama makabati, mimi wa nini?"

"Kuna mguu nataka uufunike."

Nikamweleza. Akachambua mchicha mpaka ukaisha, akaosha mikono, akauliza swali moja tu: nitakaa wapi. Nikamwambia mbele, pembeni ya kosha, kwenye kiti, si nyuma ya spika. "Kiti chenye mgongo," akasema. Nikasema chenye mgongo. Hivyo ndivyo tulivyopatana, na ugomvi wenyewe hatukuuzungumza mpaka leo.

Kesho yake nikatia sidii, akasikiliza na dumbak mapajani, uso kama kala ndimu.

"Chai hii haina majani," akasema. Halafu ile sauti ya nyuki ikaingia. "Huyu mwanamume au mwanamke?"

"Mwanamume. Wameipitisha sauti kwenye mashine."

"Basi atoke, humu mna wanawake."

Thuraya alicheka mpaka akashika ukuta, na nafikiri alitembea vizuri siku ile kwa sababu ya kicheko hicho. Bi Zayana alimwambia neno moja. "Tembea unavyotembea, mwanangu. Usinisikilize mimi, mimi ndio ntakusikiliza wewe." Halafu akawa hapigi pamoja na sidii. Anapiga pamoja na mguu. Soli nene ikitua, dum. Mguu wa pili ukitua, tak, ndogo, kwa ncha za vidole. Baina yao anaacha pengo lile lile analoliacha Thuraya. Dum, tak. Dum, tak. Kop ikapotea ndani ya dum, huisikii tena. Nikaona sasa kazi imekwisha. Nyie mkiona kazi imekwisha, rudini mkaitazame tena.

Siku ya harusi ukumbi ulijaa mpaka milangoni. Mimi nilikwenda kubandika waya, kuna mtoto wa mtu alikuwa keshazibandua. Shangazi yake Thuraya, Bi Asila, mwanamke mkarimu kupita kiasi, akawa anapita na chetezo anafukiza watu. Akafukiza wageni, akafukiza maua, akaifukiza kosha. Akaiona meza yangu haina mtu. Kwa ukarimu wake, akakisukuma chetezo chini ya meza yangu, kwenye kitambaa kinachoning'inia, ili na mashine ipate baraka. Niliporudi nilisikia harufu nzuri, lakini ukumbi mzima ulikuwa unanukia, sikuinama kutazama.

Na niwaambie, zamani sote tulikuwa tukifanya hivyo. Deki ya kaseti ilikuwa inafukizwa kama mgeni. Kaseti inastahamili udi. Mashine ya sidii ina jicho ndani yake, dogo kama mbegu ya pilipili, na moshi wa udi una mafuta. Mafuta yakitanda kwenye jicho, mashine inakuwa kipofu. Hayo tulikuwa hatujayajua.

Taa zikapunguzwa. Mlango ukafunguliwa. Thuraya akasimama pale peke yake, mikono yake yote miwili kwenye maua, hapana mtu kulia wala kushoto. Ukumbi ukavuta pumzi, maana wote walitegemea pazia. Nikabonyeza. Besi likaanza kujikokota. Bi Zayana kwenye kiti chake chenye mgongo akainamisha kichwa, haangalii uso wa bi harusi, anaangalia pindo la nguo chini. Dum, tak. Anakuja. Wanawake wameanza kutabasamu. Ameshapita meza za wazee.

Alipofika katikati, sidii ikakwama.

Haikukatika, ingekatika ingekuwa heri. Ilikwama ikawa inarudia pale pale, ta-ta-ta-ta-ta, haraka kama cherehani. Ndiyo ule mpigo wa kijeshi niliokuwa namwepusha nao, na sasa umemjia mara kumi. Thuraya akasimama. Mguu mmoja mbele. Bi Asila akanyanyuka kutoka kiti chake, mikono keshaitanua, anakwenda kumshika.

Mimi nikafanya jambo moja tu nililofundishwa nyuma ya pazia. Sikuzima kwa ghafla. Nikashusha sauti polepole, mama, polepole, mpaka chini kabisa. Ukumbi ukawa kimya. Bi Zayana hajasimamisha mkono. Akapiga dum moja, laini, na akangoja. Alikuwa anangoja mguu. Hakumwita, hakumsukuma, alingoja tu vidole vikiwa juu ya ngozi ya ngoma. Na Bi Asila naye, sijui kwa nini, akasimama pale alipo na mikono yake hewani.

Thuraya akautua ule mguu wa pili. Tak.

Akautua wa kwanza. Dum.

Hapana muziki mwengine, ni mguu na dumbak. Dum, tak. Dum, tak. Mmoja mzito, mmoja mwepesi, na pengo lile baina yao. Mzee mmoja meza ya mbele akaanza kupiga makofi, na makofi yake hayakuwa sawa sawa, yalikuwa mazito na mepesi vile vile. Mwenzake akamfuata. Meza nzima. Halafu ukumbi mzima unapiga makofi kwa mwendo wa Thuraya, na wengi wao, nnaamini mpaka leo, walidhani ndiyo zafa yenyewe, kwamba tumeipanga hivyo. Vigelegele vikatoka. Alipanda zile ngazi za kosha peke yake, akageuka, akakaa. Bi Asila naye akakaa, kwenye kiti kisicho chake.

Nikakaa juu ya spika, kitu ambacho nimewakataza nyie. Sikumbuki kupumua namna ile tena isipokuwa siku Rahma alipojifungua salama. Bi Zayana akaja na ngoma yake kwapani.

"Unalia, Plagi?"

"Moshi wa udi huo. Unatoka wapi?"

Akainua kitambaa cha meza. Tukakiangalia kile chetezo, kinafuka taratibu, makaa mazuri, udi wa bei. Bi Asila akatokea nyuma yetu, anajifuta macho, anafurahi kama nini. "Bi Moza, hongera. Na mashine nimekufukizia, umeona? Inanukia." Nikamwambia ahsante, Bi Asila, Mungu akuzidishie. Ningesema nini? Furaha ilikuwa imenijaa, hasira haikupata pa kukaa. Kesho yake nikalisafisha lile jicho kwa pamba na spiriti, si kwa manukato jamani, na Wafaransa wakarudi kama walivyokuwa. Sidii hiyo nnayo mpaka sasa. Nnaitia nikichambua mchele.

Baada ya hapo nikapata kazi ambayo sikuitaka. Mabibi harusi wakawa wanakuja, wazima wa miguu yote miwili, wanataka "ile zafa ya Thuraya." Nikawa nawapeleka kwa Bi Zayana, awafundishe. Nimewaona wasichana wenye vyeo wizarani wakizunguka sebuleni mwake wanajifunza kuchechemea. "Dum, ngoja, tak. Ngoja, nimesema. Wewe unakimbilia nini, bwana harusi hajatoroka." Thuraya alipopigiwa simu na kuambiwa, alicheka mpaka simu ikaanguka, tukasikia inavyoanguka. Na sisi wawili tukawa tunaitwa pamoja, meza yangu na kiti chake chenye mgongo. Hakuacha kuniita Plagi. Nilishazoea.

Basi udi ndio lile jambo la tano. Nyumbani kwangu nilitoa amri: chetezo hakivuki kizingiti cha chumba cha mashine, hata kikiwa mkononi mwa mama mkwe. Wajukuu wangu wanaijua, na sasa na nyie mnaijua.

Lakini kuna amri nyengine niliyotoa wiki ile ile, na nnaipenda kuliko ya udi. Thuraya alituma habari kwamba atakuja Amerat kutushukuru, na ataleta halwa. Mlango wetu una ngazi, na ngazi zenyewe mbovu, na nyumba yangu imejaa watu wenye huruma. Nikamwona mwanangu wa kiume anavaa viatu akamngoje chini. Nikamwona mke wa mwanangu anafunga mtandio, tayari kwenda kupokea sinia la halwa. Nikawaita wote sebuleni, wakubwa kwa wadogo, nikasema:

"Gari likisimama, mtu asitoke. Fungueni mlango uwe wazi wote, halafu rudini mkae. Sinia atapanda nalo mwenyewe. Hapana wa kumshika mkono, hapana wa kumwambia pole pole, hapana wa kumtazama miguu. Kaeni, mtazame mlango, na mumngoje afike."